Kopo la Baraka Katika Injini ya Ndege

Ukishuka Kituku, gati la mitumbwi mjini Goma, asubuhi, wakati wauza samaki bado wanabishana bei, utamsikia Baharanyi kabla ya kumwona. Si kwamba yeye ni mtu wa kelele. Ni injini zake. Huzifunga moja moja kwenye ukingo wa pipa lililojaa maji ya ziwa, akavuta kamba, injini ikakohoa, ikatema moshi wa buluu, kisha ikaanza kuvuma mle ndani kama nyuki waliofungiwa chunguni. Yeye huinamisha kichwa upande na kusikiliza. Akiridhika anaizima. Asiporidhika anaizima pia, ila hapo anavuta kigoda na kukaa.

Alizaliwa upande wa Kalehe. Alikuja Goma akiwa kijana, ndani ya pirogi, ule mtumbwi mrefu wa injini, iliyopakia mbao, na injini ya pirogi hiyo ikafa wakiwa wameshaanza kuona mabati ya mji. Fundi aliyeitengeneza alimwona kijana anaangalia sana, akamwambia, "Ukiangalia hivyo bila kushika kitu, macho yatakuuma. Shika ufunguo huu wa nati." Basi akashika ufunguo, na hajauachia mpaka leo. Anakaa mtaa wa Mabanga na mke wake Clotilde. Mtoto wao wa kwanza, Joviale, ameolewa Bukavu, lakini mtaani wao bado ni Papa Joviale na Mama Joviale, na hayo majina mengine hubaki kwa padri.

Injini za Kituku nyingi ni za mapigo mawili. Wewe ambaye hukuwahi kuzifungua, jua jambo moja tu, linatosha. Hazina tumbo la kuwekea mafuta ya kulainisha kama gari lilivyo nalo. Zinakunywa petroli na mafuta yakiwa yamechanganywa pamoja, kama mtoto anayepewa dawa ndani ya uji. Ukipunguza mafuta, pistoni inashikana na ukuta wake na injini inakufa palepale, katikati ya ziwa, na watu na mbuzi ndani. Ukizidisha, inatoa moshi, inachafuka, lakini inatembea. Kwa hiyo watu wa majini waliamua zamani kwamba mafuta hayajawahi kuzamisha mtu.

Uamuzi huo ukazaa desturi. Kipimo ni kopo la tomati, lile dogo. Fundi anasema makopo kadhaa kwa bidoni, lile dumu la petroli, muuzaji anapima makopo hayo, lakini kabla ya kufunga mfuniko yule anayefunga huongeza moja lake. Linaitwa kopo la baraka. Halihesabiwi. Mwenye pirogi akimwona fundi anafunga bila kuliweka, atauliza, "Fundi, tumekukosea wapi?" Baharanyi ameliweka maelfu ya mara, jinsi mtu anavyofanya ishara ya msalaba akipita mbele ya kanisa huku anaendelea na maongezi yake.

Miaka ya kisa hiki barabara ya Rutshuru, kaskazini mwa mji, ilikuwa bado inapitika kila siku. Asubuhi moja akashuka Kituku mwanamke mwenye buti zenye udongo mwekundu, akauliza fundi wa mapigo mawili ni nani. Walimwonyesha pipa.

"Papa," akasema, "watu wananiambia unafungua hizi moteri macho yamefungwa."

"Wanakudanganya. Nikifunga macho, nalala."

Yule mwanamke akacheka. Aliitwa Uwizeye, binti wa wafugaji wa Rutshuru. "Mimi nina moteri sawa na hizi," akasema. "Ila yangu haiingiaka mu maji."

"Sasa inaingia wapi?"

Uwizeye akanyoosha kidole juu.

Kazi yake ilikuwa kurusha ndege. Usifikirie zile kubwa zinazotikisa vioo vya Mabanga. Hiki kilikuwa kidege cha mabomba na kitambaa, chenye viti viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na injini mgongoni ikizungusha panga la mbao. Shirika moja dogo la kilimo lilikuwa limemwajiri apige picha za vilima, lijue udongo unateleza wapi na miti ipandwe wapi. Kidege kililala kwenye banda la mabati katika malisho ya wajomba zake, mbele kidogo ya Rumangabo.

Baharanyi alipofikishwa pale mara ya kwanza aliizunguka injini, akaipapasa, akaitambua kama mtu anavyomtambua binamu wa kijiji kingine. Silinda zilezile, karabireta ileile ya kuchanganyia petroli na hewa, buji zilezile za kuwashia moto. Kisha akauliza, "Maji inaingilia wapi?"

"Haina maji, Papa. Upepo njo maji yake."

"Na nikitaka kuijaribu, naitia mu pipa gani?"

"Unaifunga mkia nyuma ya Toyota, unaomba Toyota isitembee."

Walielewana. Lakini kabla hajagusa hata nati moja, Uwizeye alimpa sheria yake. Fundi atakayeifungua injini hadi ndani, pistoni zikatoka, siku ndege inaruka tena kwa mara ya kwanza lazima akae kiti cha nyuma.

"Nifanye nini kule nyuma?" akauliza Baharanyi.

"Kuikala tu."

"Na kama nilifunga vibaya?"

"Basi tutakuwa wawili wa kujua." Akaona uso wa mzee, akalainisha sauti. "Si adhabu, Papa. Mutu akijua ataikala juu ya kazi yake mwenyewe, anakaza muzuri."

Baharanyi akakubali. Wakati huo hapakuwa na cha kufungua. Alisafisha karabireta, akabadilisha buji, akarudi mjini. Mtu hukubali kwa urahisi jambo ambalo halijapangiwa siku.

Mwanzoni Uwizeye alichanganya petroli yake mwenyewe. Kisha safari za picha zikawa nyingi, akamwachia fundi kazi hiyo: petroli inunuliwe Goma, mafuta makopo sita kwa bidoni, yasizidi, yasipungue. Baharanyi akampelekea agizo hilo Mama Kasoki, mjane wa Butembo anayeuza petroli kando ya barabara pale Mabanga, chupa zake zimepangwa juu ya meza chini ya mwavuli. Kasoki alichanganya, Baharanyi akafunga, na Guylain, kijana aliyewahi kuwa mtu wa pirogi kabla ya kununua pikipiki, akaibeba bidoni hadi malishoni. Kazi ikaenda hivyo msimu mzima wa mvua. Kidege kilitoa moshi kidogo zaidi ya zamani. Uwizeye aliuona, akadhani ni aina ya mafuta.

Halafu siku moja kikazimika angani.

Kilikuwa kinashuka. Uwizeye alikuwa amefunga gesi ili injini ipunguze nguvu, kidege kinateleza polepole kuelekea malishoni, injini inanong'ona tu. Alipofungua gesi tena, injini ikakohoa mara moja na kunyamaza. Akasikia upepo kwenye nyaya, na mbwa wanabweka huko chini. Akachagua shamba lililo sawa kuliko mengine, akakishusha katikati ya maharagi. Wenye shamba walikuja mbio na majembe. Walipokuta ni mwanamke, na yuko mzima, na anaongea Kinyarwanda chao, walimkalisha kwanza, ndipo wakaanza kumlalamikia maharagi.

Injini ikashushwa, ikaletwa Kituku ndani ya gunia kama mgonjwa. Baharanyi akaifungua hadi ndani. Juu ya pistoni palikuwa na masizi meusi, mazito kama ya sufuria ya harusi. Segimenti, zile pete zinazoizunguka pistoni na kuzuia pumzi isitoroke, zilikuwa zimegandia kwenye nafasi zake. Buji zilikuwa zimelowa. Fundi mwanafunzi wa mwezi mmoja angeyasoma hayo. Injini ilikuwa imenyweshwa mafuta mengi, siku nyingi, na ilipopunguziwa gesi kwa muda mrefu buji zikazama ndani ya mafuta na moto ukakosa pa kuwakia.

Lakini agizo lilikuwa makopo sita. Baharanyi alichukua petroli iliyobaki kwenye tangi ya ndege, iliyoletwa kwa chupa pamoja na injini, akadondosha tone juu ya karatasi ya sukari. Pembeni yake akadondosha nyingine aliyoichanganya mwenyewe kwa makopo sita, hapo hapo, akihesabu kwa sauti. Petroli ikaenda zake na upepo. Madoa mawili yakabaki, na lile la ndege lilikuwa nene karibu mara mbili ya mwenzake.

Akakaa kwenye kigoda. Mafuta yana bei kuliko petroli. Mwizi hupunguza. Ni mwizi gani anaiba kwa kuongeza?

Alisafisha, akaweka segimenti mpya, akafunga, na injini ikarudishwa mgongoni mwa kidege malishoni. Uwizeye alipopiga simu hakuongea mengi. "Jumamosi, Papa. Kiti iko tayari."

Jioni ile Clotilde alikuwa anapepeta mchele, akasikia habari yote mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Kwa hiyo unajua kitu gani iliiua," akasema.

"Mafuta mingi."

"Na unajua nani anaweka?"

"Hapana."

"Na Jumamosi watamimina tena ileile petroli ya huyo usiyemujua, kisha weye upande juu yake."

Baharanyi aliokota punje za mchele zilizoanguka. Hilo ndilo alilokuwa analizungusha kichwani tangu Kituku.

"Papa Joviale, sema uko na malaria."

"Mungu anasikia."

"Mungu anajua Goma. Kila mutu hapa iko na malaria." Akaweka ungo chini. "Mutu ya maji anaenda juu kutafuta nini? Ukizama, watakutafuta na nyavu. Kule juu watakutafuta na nini?"

Usiku huo hakulala vizuri, na hesabu ilikuwa rahisi kwa hiyo hakuweza kuikimbia. Akipanda bila kujua mafuta ya ziada yanatoka wapi, anakalia kifo chake. Asipopanda, Kituku nzima itajua kwamba Baharanyi haamini kazi ya mikono yake, na nani tena atamletea injini ya kuvushia wanawe? Palibaki njia moja. Ajue kabla ya Jumamosi.

Ijumaa akaenda kwa Mama Kasoki, akavuta ndoo tupu, akaketi.

"Mama Kasoki, leo nataka kuona vile unachanganya."

"Sasa siku zote ulikuwa unaona nini? Sura yangu?"

"Leo naangalia makopo."

"Ee! Papa Joviale amekuwa polisi! Ikala hapo, polisi, usiniangushie chupa."

Kasoki akajaza petroli kwenye bidoni. Akachukua kopo la tomati, akaanza kupima mafuta, huku anasimulia jinsi jirani yake alivyouziwa kuku mgonjwa. Moja. Mbili. Kuku alikuwa amefungwa kitambaa shingoni ili asionekane anavyolegea. Tatu, nne. Tano. Sita. Mkono wake ukarudi kwenye mafuta, ukachota la saba, ukamimina, ukachota la nane, na kuku bado hajafa katika hadithi.

"Simama!"

Kasoki akaruka. "Nini? Nyoka?"

"Ile ni ya ngapi?"

"Ile haihesabiwake. Ile ni ya baraka."

"Nilikuambia sita!"

"Na sita si nimekupa? Haya mawili ni yangu." Akaanza kukasirika. "Weye si mupita-njia, Papa Joviale. Mume wangu alipokufa, nani alinitengenezea jenereta bila kunilipisha? Nikupimie sita kavu, sawa sikujui? Watu watasema nini?"

"Mama, ile ndege ilizimika juu. Sababu ni haya makopo."

Kasoki akashika kopo kifuani. "Na mutu ndani?"

"Na mutu ndani."

"Akakufa?"

"Hapana. Aliangukia mu maharagi."

"Basi Mungu naye akabarakisha," akasema Kasoki, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Akaliweka kopo mezani, akaketi juu ya kreti. Akasema, "Makopo mawili haiwezi kuua moteri. Hata pirogi ya shemeji wangu inakunywa zaidi."

Hilo hata Baharanyi alikuwa amelifikiria. Doa lile kwenye karatasi lilikuwa nene kuliko makopo mawili. Wakati huo huo Guylain akafika, akazima pikipiki, akasalimia, akanyoosha mkono kuchukua bidoni.

"Guylain," akasema Baharanyi, "ukibeba hii bidoni mpaka kule, njiani unafanyaka nini?"

"Naendesha."

"Na kisha?"

"Nakunywa chai Kibumba."

"Na bidoni?"

"Bidoni haikunywake chai, muzee."

Kasoki akacheka kwa pua. Baharanyi hakucheka, akaendelea kumtazama tu, kama anavyoitazama injini ambayo hajaridhika nayo. Guylain akaanza kuchezea glovu zake.

"Naongezaka kidogo," akasema.

"Unaongezaka nini?"

"Kopo. Moja tu! Niko na chupa yangu tangu Kituku." Akatazama huku na huku, hakuona msaada. "Nilisema hivi: pirogi ikipakia sana, tunaiongezea mafuta. Sasa ile yenye kupanda juu, bila hata maji ya kuishikilia? Niliisikilia huruma, muzee."

"Huruma!"

Hapo Baharanyi akasimama. Mtu wa maneno machache akizibuka, maneno yote ya mwezi hutoka pamoja. Akawaambia kwamba ndege si pirogi. Kwamba pirogi ikichafuka utapiga kasia, lakini angani utapiga kasia gani? Kwamba sita ni sita, hata kwa rafiki, hata kwa padri, hata kwa mama mzazi. Kwamba kesho yeye, Baharanyi, baba wa watoto, atakaa juu ya injini hiyo, na kama wanamtakia mema wamtakie kwa mbali. Aliongea vizuri. Wapita njia wawili walisimama kusikiliza. Akamaliza, akakaza mfuniko wa bidoni kwa nguvu kama mtu anayepiga muhuri.

Kasoki hakuwa anamtazama usoni.

"Fundi," akasema taratibu. "Mukono yako ya kuume imefanya nini sasa hivi?"

Baharanyi akautazama mkono wake. Ulikuwa umeshika kopo la tomati. Kopo lilikuwa linadondosha mafuta kwenye kiatu chake.

Kisha Guylain akalalia tangi la pikipiki yake na kucheka mpaka pikipiki ikataka kuanguka. Kasoki alijizuia kwa heshima ya umri, akashindwa. Wapita njia nao wakacheka bila kujua wanacheka nini.

"Ile ilikuwa ya ngapi, polisi?" akauliza Kasoki, akifuta machozi kwa kitenge.

Baharanyi aliketi tena kwenye ndoo. Alijaribu kukumbuka bidoni zote alizozifunga msimu ule. Hakukumbuka kopo hata moja. Kicheko hakikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba mkono ulikwenda, ukachota, ukamimina, ukarudi, na haukumwambia mwenyewe.

Bidoni ile waliamua ipelekwe Kituku, watu wa pirogi wataipenda. Kesho Guylain atabeba petroli kavu, bila tone la mafuta, na chupa ya mafuta ambayo haijafunguliwa. Uwizeye atachanganya mwenyewe. Na Guylain akaiacha chupa yake juu ya meza ya Kasoki.

"Sasa mimi nikubarakishe na nini?" akauliza Kasoki. Alikuwa ameumia kweli.

"Na mudomo, mama. Sema tu muruke muzuri."

"Mudomo haina uzito."

Hata hivyo Jumamosi alfajiri, walipopita kuchukua petroli, Kasoki aliyasema maneno hayo. Hakumwambia Baharanyi. Aliinama akaiambia bidoni.

Malishoni Uwizeye aliwasikiliza akiwa amekunja mikono. Baharanyi alimweleza yote: makopo mawili ya Kasoki, moja la Guylain, na la nne, la mkono wake mwenyewe. Hakuacha kitu. Guylain alitazama ng'ombe.

"Kwa hiyo muda wote huu mulikuwa munanibarikia," akasema Uwizeye.

"Sisi watatu, Komanda," akasema Baharanyi, akimpa cheo cha rubani.

"Musinipende tena hivyo."

Akachanganya mwenyewe, kwa chupa yenye mistari ya kipimo, akipiga goti ili jicho lake liwe sawa na mstari. Baharanyi alikuwa ameficha mikono kwapani. Guylain alikuwa ameambiwa asogee mbali, karibu na ng'ombe. Alipomaliza kumimina, Uwizeye alikaza mfuniko wa tangi, akasimama mbele ya mzee.

"Papa, sababu tumeijua. Sheria ni yangu, ninaweza kuiacha. Ukitaka kubaki chini, baki. Sitasema kitu Kituku."

Huo ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Baharanyi aliufikiria. Alimfikiria Clotilde na ungo wake.

"Moteri niliifunga na hii mikono," akasema mwishowe. "Kila nati. Na sasa sijue tena mikono inafanyaka nini wakati mimi naongea. Nikibaki chini, sitajua hata siku moja."

"Basi panda."

Akapanda. Guylain alimfunga mikanda, akamwambia, "Muzee, ukiona Mutakatifu Petro, umwambie pikipiki yangu inataka matairi." Injini ikawashwa, ikaachwa ipate joto la kutosha. Haikutoa moshi wa buluu. Kidege kikakimbia juu ya majani, ng'ombe wakasogea bila haraka, kisha kutikisika kukaacha, na hapo Baharanyi akajua hawako tena chini.

Watu wamemuuliza mara nyingi aliona nini. Kutoka kule, siku isiyo na mawingu, unaona volkano zote, na barabara kama uzi, na ziwa likiwa kipande cha bati upande wa kusini. Baharanyi hakuona kitu katika hivyo. Aliona shingo ya Uwizeye na kofia yake. Masikio yake yote yalikuwa nyuma, kwenye silinda mbili alizozifunga. Alisikia ya kushoto ikienda sawa na ya kulia. Alisikia sauti moja ngeni, akaganda, kisha akagundua ni kamba ya mkanda inapiga bomba. Aliishika kamba. Mkono wake ulipata kazi, ukatulia.

Walizunguka juu ya malisho mpaka Uwizeye akainua kidole kimoja, ishara waliyokuwa wamekubaliana. Akafunga gesi.

Injini ikashuka hadi kwenye mnong'ono. Kidege kikaanza kuteleza. Hapa ndipo ilipofia. Uwizeye hakufupisha, alikiacha kiteleze kama siku ile, na hata zaidi, maana naye alitaka kujua, kama Baharanyi. Baharanyi aliyaona maharagi yakipita chini, na mtu mmoja amesimama katikati yake, ameinua uso, huenda anawaza watakanyaga safari hii upande gani. Mnong'ono ukaendelea. Ndani ya mnong'ono huo Baharanyi alisikia kila mara buji inapowasha, ta, ta, ta, kama mtu anayegonga mlango bila kuchoka.

Uwizeye akafungua gesi.

Palikuwa na nafasi ndogo. Si kubwa, mtu asiyejua injini asingeisikia. Baharanyi aliisikia yote. Kisha silinda mbili zikashika kwa pamoja, kiti kikamsukuma mgongoni, na kidege kikapanda tena, juu ya maharagi na juu ya yule mtu.

Walirudia mara tatu. Kila mara ilishika.

Walipotua, Uwizeye aliruka chini, akaenda kuongea na wajomba zake. Baharanyi alibaki kwenye kiti cha nyuma. Alieleza kwamba anangoja injini ipoe. Ilipopoa alishuka, akatoa buji moja, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa kavu, na ncha yake ilikuwa na rangi ya kahawia, rangi ambayo kila fundi wa mapigo mawili anaitaka na watu wa Kituku hawajawahi kuiona. Akampa Guylain. Guylain akaitazama, akasema imeungua, inataka mafuta kidogo. Baharanyi akamnyang'anya.

Simu ikalia. Ni Clotilde.

"Uko wapi?"

"Niko chini."

"Chini juu ya udongo ao chini ndani ya udongo?"

"Juu, Mama Joviale."

Kwa mbali Baharanyi alimsikia Clotilde akimimina maji kwenye sufuria.

"Basi kama uko juu," akasema, "huko Rumangabo makala ya kupikia ni rahisi. Mwambie Guylain afunge gunia mbili nyuma ya pikipiki. Na isiwe yenye kulowa."

Baharanyi akairudisha buji mahali pake, akaikaza, akatazama mikono yake kuhakikisha haijakaza kitu kingine, kisha akaenda kuuliza bei ya makaa.